Mbegu za Urithi: Habari za Nyanya na Watu Waliozichagua

Sufuria ya nyumbani haikai siku nyingi bila nyanya. Twazipika na sombe, na maharagi, na ndakala, tena na nyama siku ya sikukuu. Kwa kuwa twaziona kila siku, twadhani kwamba nyanya ni nyanya tu, kama maji yalivyo maji. Lakini mwulize mama anayeuza sokoni, naye atakujibu mara moja kwamba sivyo. Atakuonyesha nyanya ndefu na ngumu zinazovumilia safari ya lori. Atakuonyesha nyingine pana, zenye mikunjo na maji mengi, ambazo lazima ziuzwe leo. Atakuonyesha na zile ndogo zinazoota zenyewe kandokando ya jaa, ambazo watoto huzila wakipita. Zote ni nyanya, walakini kila moja ina ukoo wake.

Leo twataka kueleza habari za koo hizo, hasa za zile zinazoitwa mbegu za urithi. Maana yake ni mbegu ambazo baba alimpa mwana, au jirani alimpa jirani, kwa muda wa miaka mingi, na ambazo zikipandwa huzaa matunda yaliyo sawa na ya mama yao. Mtu akitaka kupanda nyanya nyumbani, achague mbegu gani? Wengi hutazama picha iliyo juu ya pakiti, basi wanalipa na kwenda zao. Sisi twaona ni afadhali kuuliza kwanza habari za zamani: nani aliichagua mbegu hii, mahali gani, na kwa haja gani? Maana kila mbegu ya nyanya tuliyo nayo ilichaguliwa na mtu. Ukiijua haja yake, utajua kama ni haja yako pia.

1. Nchi ya asili

Mwenyeji wa Afrika ni nyanya chungu. Nyanya nyekundu ni mgeni, imetoka Amerika. Katika nchi za Peru na Ekwado, upande wa magharibi wa bara lile, mpaka leo kuna nyanya za porini zenye matunda madogo kadiri ya punje ya njegere. Kutoka pande zile nyanya zilienea mpaka Meksiko, na huko ndiko watu walikozilima na kuzikuza sana. Katika lugha yao ya Kinahuatl, neno tomatl lilitaja matunda ya namna nyingi yenye maji, na nyanya yetu iliitwa xitomatl. Hiyo ndiyo asili ya neno la Kifaransa tomate, na la tomati ambalo wengi wetu twalitumia.

Punje ile ndogo ilipataje kuwa tunda la kujaza kiganja? Mkulima alipoona mche mmoja wenye matunda makubwa kidogo kuliko mingine, aliweka mbegu zake. Mwanawe akafanya vilevile, na mjukuu vilevile. Kazi hiyo ilichukua karne nyingi, na hakuna aliyeandika majina ya wale walioifanya.

Lakini matunda ya kazi yao yaliandikwa. Mwaka 1521 Wahispania waliuteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Mwaka 1529 akafika mtawa Mfransisko, jina lake Bernardino de Sahagún, akakaa katika nchi ile mpaka alipokufa mwaka 1590. Alijifunza Kinahuatl sawasawa. Kisha, pamoja na wanafunzi wake wenyeji, aliandika kitabu kikubwa chenye sehemu 12 juu ya desturi, kazi na maisha ya watu wale. Katika sehemu ya 10 wanasimulia habari za wauzaji wa sokoni, na mmoja wao ni muuza nyanya. Ana nyanya kubwa na ndogo. Ana za njano, za nyekundu, za nyekundu sana, na za rangi ya mawingu ya alfajiri. Wanamtaja pia muuzaji mbaya, yule anayeuza zilizooza na zilizopondeka. Wasomaji wetu waendao sokoni watamtambua ndugu huyo bila shida.

Tushike jambo hili vizuri. Watu wengine wakiona leo nyanya ya njano au ya rangi ya zambarau, hudhani ni werevu mpya wa wataalamu. Kumbe rangi nyingi na maumbo mengi yalikuwako katika masoko ya Meksiko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Wenyeji wale ndio waliotangulia kuchagua.

2. Ulaya walisitasita

Mwaka 1544 mganga wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika juu ya tunda geni lililoonekana katika nchi yake. Alisema kwamba likiiva lina rangi ya dhahabu, na kwamba watu hulikaanga kwa mafuta pamoja na chumvi na pilipili manga. Mwaka 1554 alilipa jina pomi d'oro, maana yake matofaa ya dhahabu, akataja na aina nyekundu. Waitalia wanaiita nyanya pomodoro mpaka leo.

Hata hivyo wengi waliogopa kuila. Nyanya ni ya jamaa moja na mimea fulani yenye sumu, na majani yake yananuka. Mwingereza John Gerard, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1597, aliudharau mmea huu kwa sababu ya harufu. Watu wengine waliupanda uwe pambo la bustani tu. Ilipita karibu miaka 150 tangu maandiko ya Mattioli mpaka Antonio Latini, msimamizi wa karamu katika mji wa Naples, alipoandika namna ya kupika mchuzi wa nyanya, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1692 na 1694.

Kwetu Afrika nyanya ilifika kwa njia ya bahari, kisha ikaingia bara kwa mikono ya wasafiri, wachuuzi, wakulima na wamisionari. Ilipata majina mbalimbali: nyanya, tomati, na kule Unguja tungule. Wazee wetu hawakukawia kuila kama watu wa Ulaya. Waliionja, wakaona ni njema, wakaitia katika mafuta ya mawese.

3. Fundisho la Bwana Livingston

Sasa twende Marekani, jimbo la Ohio. Huko aliishi mkulima na muuza mbegu, Alexander Livingston. Wasomaji wasimchanganye na yule msafiri David Livingstone aliyefika Nyangwe mwaka 1871. Ni watu wawili mbalimbali.

Siku zile nyanya nyingi za bustani zilikuwa na mikunjo mirefu, na ndani zilikuwa na nafasi tupu. Hata kuzimenya ilikuwa taabu. Livingston alitaka nyanya laini ya mviringo, iliyojaa nyama. Alifanya kama watu wengi wanavyofanya hata kwetu: alizunguka shambani, akachuma matunda mazuri kuliko yote, akaweka mbegu zake. Mwaka uliofuata alipanda, na matunda yakatoka ya kila namna, mabaya kwa mazuri. Akajaribu tena. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1893 alieleza kwamba alifanya hivyo miaka mingi, wala hakupata faida.

Halafu siku moja aliona katika shamba mche mmoja wa peke yake. Matunda yake hayakuwa makubwa, lakini yote yalikuwa sawasawa, laini na ya mviringo. Akafahamu kwamba alikuwa amechagua tunda, na kumbe alipaswa kuchagua mche. Alitwaa mbegu za mche ule, akazipanda mahali pake, na kila mwaka akaweka mbegu za miche bora tu. Matunda yakaongezeka ukubwa, na usawa wao haukupotea. Mwaka 1870 alianza kuuza aina hiyo kwa jina la Paragon, nayo ikasifiwa sana.

Kwa nini fundisho hili ni kweli? Kwa sababu matunda yote ya mche mmoja ni ya damu moja. Tunda moja likiwa kubwa kwa kupata jua zaidi au kwa kupata nafasi, mbegu zake hazipati ukubwa huo kwa urithi. Lakini mche mzima ukiwa mwema, toka tunda la chini hata la juu, wema huo mara nyingi ni wa ukoo. Tena ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, na kwa kawaida hujizalisha lenyewe kabla ya nyuki kuleta unga wa ua jingine. Ndiyo maana nyanya huweza kushika ukoo wake miaka mia, hata ikitunzwa na mtu asiyesoma kitabu chochote cha kilimo. Si mimea yote iliyo hivyo. Mahindi huchanganyika na ya jirani kwa upepo, na maboga huchanganyika kwa nyuki. Nyanya ni rahisi kuitunza kuliko hiyo, na kwa hiyo jamaa maskini waliweza kuwa na mbegu yao wenyewe.

4. Jamaa zilizotunza mbegu

Tutoe mifano michache. Mwaka 1883 Mjerumani mmoja wa Bavaria, Michael Ott, alihamia Marekani na mbegu za nyanya kubwa ya rangi ya waridi. Jamaa yake iliilima katika jimbo la Iowa. Kitukuu wake, Diane Ott Whealy, alipewa mbegu hizo na babu yake. Akatambua kwamba wazee wengi wanakufa na mbegu zao zinakufa pamoja nao. Mwaka 1975 yeye na mumewe Kent walianza chama cha watu wanaopeana mbegu za urithi, kiitwacho Seed Savers Exchange. Chama hicho kingali na kazi mpaka leo, na nyanya ile ya babu, German Pink, ingali inapandwa.

Katika jimbo la Tennessee jamaa ya Sudduth ililima zaidi ya miaka 80 nyanya kubwa ya waridi, yenye majani kama ya viazi vya Kizungu. Mama mmoja wa jamaa hiyo alimpa mbegu mzee wa Ohio, Ben Quisenberry, naye akawagawia wengine. Watu wengi wapendao bustani huisifu nyanya hiyo, iitwayo Brandywine, kuwa tamu kuliko karibu zote. Na kama yule mama angalimnyima mzee mbegu? Pengine leo hakuna ambaye angalijua utamu wake.

Mfano wa tatu ni wa fundi. Katika mji mdogo wa Logan, jimbo la West Virginia, alikaa M. C. Byles, fundi wa kutengeneza rejeta za magari. Alikuwa na deni la nyumba la dola 6,000. Alipanda mche mmoja wa nyanya kubwa katikati, akauzungushia miche ya aina nyingine kubwa, kisha kwa bomba dogo la mpira, lile la kusafishia masikio ya mtoto, alichukua unga wa maua ya pembeni na kuutia katika maua ya mche wa katikati. Akachagua miche bora mwaka baada ya mwaka, mpaka ukoo ukatulia. Kisha akauza miche yake michanga, kila mmoja dola moja, na watu wakaja kutoka mbali kuinunua. Katika miaka ya 1940, kwa muda wa miaka 6, alilipa deni lote. Nyanya hiyo inaitwa Mortgage Lifter, maana yake mwondoa deni.

Wa nne ni wa rangi ya zambarau iliyokolea. Mwaka 1990 mzee mmoja wa Tennessee alimpelekea Craig LeHoullier, mtu mashuhuri katika kazi ya nyanya za urithi, pakiti ya mbegu isiyo na jina. Aliandika kwamba mbegu hizo zilitoka kwa Wacherokee, wenyeji wa nchi ile, yapata miaka 100 kabla yake. LeHoullier alizipanda, akaipa nyanya jina Cherokee Purple. Siku hizi inapandwa katika nchi nyingi. Ilikuwa imebaki mikononi mwa watu wachache tu, nayo iliokoka kwa barua moja.

5. Namna zilivyopungua

Mtu atauliza: Kama nyanya hizo ni tamu hivyo, mbona sokoni hazionekani? Jibu ni lilelile: kila mbegu ilichaguliwa kwa haja fulani, na haja za soko kubwa si haja za nyumba.

Mwaka 1949 kampuni ya Burpee ya Marekani ilianza kuuza nyanya chotara iitwayo Big Boy, iliyotengenezwa na mtaalamu Oved Shifriss. Mbegu chotara hupatikana kwa kuunganisha koo mbili mbalimbali. Watoto wa kwanza wana nguvu nyingi na wanafanana wote. Lakini ukiweka mbegu zao na kuzipanda, wajukuu hutawanyika: mmoja anafuata babu, mwingine anafuata bibi. Kwa hiyo mkulima hulazimika kununua mbegu mpya kila mwaka. Hilo si dhambi wala si wizi. Chotara nyingi zinazuia magonjwa na kuzaa sana. Walakini mkulima aliyekuwa na mbegu yake mwenyewe amekuwa mnunuzi, na mwaka asipokuwa na fedha hana mbegu.

Katika jimbo la California viwanda vya makopo vilitaka kuvuna kwa mashine. Mtaalamu Jack Hanna akatafuta nyanya yenye ngozi ngumu isiyopasuka, ambayo matunda yake yote huiva kwa pamoja. Mashine ilianza kazi katika miaka ya 1960, na kufika mwaka 1968 karibu nyanya zote za viwanda vya jimbo lile zilivunwa nayo. Nyanya ile ilichaguliwa kwa ajili ya chuma. Ulimi wa mlaji haukuulizwa.

Kuna na habari ya kushangaza zaidi. Nyanya nyingi za zamani, kabla ya kuiva, zina kijani kilichokolea kwenye mabega, karibu na kikonyo, na mara nyingine mahali pale hubaki pagumu hata tunda likiiva. Wauzaji hawakupenda. Walipendelea nyanya zenye kijani chepesi kilicho sawa pande zote, maana huiva kwa rangi moja na kupendeza macho. Miaka mingi wachaguzi walifuata alama hiyo. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba wamegundua chanzo chake: alama ile hutokea kwa sababu kiungo fulani cha urithi kimeharibika, na kiungo hicho ndicho kinacholisaidia tunda lenyewe kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Basi, walipochagua uzuri wa rangi, walipunguza utamu bila kujua. Tena mwaka 2017 wataalamu wengine waliopima aina 398, za zamani, za kisasa na za porini, walionyesha kwamba nyanya za kisasa zimepungukiwa na vitu vingi vinavyoleta harufu na ladha.

6. Tuchague nini nyumbani?

Sasa turudi katika bustani yetu. Anayepanda mashina kumi nyuma ya nyumba hana mashine, hana lori, wala hana kiwanda. Haja zake ni nyingine: chakula kitamu, matunda ya kuchuma kidogo kidogo kwa muda mrefu, miche isiyokufa kwa mvua, na mbegu ya mwaka ujao. Tutazame aina chache zenye sifa, na tuulize kila moja ilichaguliwa kwa nini.

Marmande ina jina la mji wa kusini-magharibi ya Ufaransa, kando ya mto Garonne. Ni pana, ina mikunjo, ina nyama nzuri, nayo huiva mapema. Ilichaguliwa kwa soko la karibu na meza ya nyumbani. Inafaa mtu anayekula anachokilima. Haifai kupakiwa katika magunia.

San Marzano ni ya nchi iliyo karibu na Naples, chini ya mlima wa moto Vesuvius. Ni ndefu, ina mbegu chache na maji machache, na ngozi yake humenyeka kwa urahisi. Ilifaa sana kwa makopo na mchuzi. Baadaye aina mpya na magonjwa karibu ziiondoe, lakini wakulima wa huko waliirudisha, na tangu mwaka 1996 jina lake linalindwa na sheria za Ulaya. Anayetaka kupika mchuzi mzito au kukausha nyanya juani atafute ya namna hii. Lazima apande na mti wa kuishikilia, maana hupanda juu sana.

Roma ilitengenezwa Marekani na wataalamu wa serikali katika miaka ya 1950. Ni jamaa ya zile ndefu za Italia, lakini mche wake ni mfupi na matunda yake huiva karibu pamoja. Herufi VF zilizoandikwa juu ya pakiti zaonyesha kwamba imepewa nguvu juu ya magonjwa mawili ya udongo yanayonyausha mche. Haina umri wa kuitwa ya kale sana, lakini si chotara. Mbegu zake zaweza kuwekwa.

Moneymaker ilipendwa na wakulima wa Uingereza waliolima katika nyumba za vioo. Matunda yake ni ya kadiri, ya mviringo, tena mengi. Jina lake, mleta fedha, laonyesha wazi haja ya waliolima. Utamu wake ni wa wastani.

Brandywine na wenzake wakubwa wa waridi hutoa tunda moja la kutosha watu wanne. Lakini huzaa machache, huchelewa, na hupasuka mvua ikizidi. Huyu ni wa mwenye subira.

Nyanya ndogo za jaa zisidharauliwe. Hazikuchaguliwa na mtu yeyote kwa uzuri. Zilichaguliwa na mvua, jua na magonjwa ya mahali petu. Mara nyingi huvumilia pale ambapo kubwa zimekwisha kufa. Mwenye nyumba mwenye busara huacha mashina mawili au matatu pembeni ya bustani.

Tuseme neno juu ya adui mkubwa wa milimani kama Kivu, penye mvua na baridi. Ni ugonjwa uitwao mildiu. Majani hupata madoa ya rangi ya kahawia, kisha yanaungua kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na kwa muda wa siku chache shamba lote limekwisha. Ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Nyanya nyingi za urithi hazina nguvu juu yake, wala asikudanganye mtu kwamba kila cha zamani ni imara. Wazee wa Bavaria na Tennessee hawakuchagua kwa ajili ya mvua zetu. Kwa hiyo zipande nyanya hizo ziive wakati wa kiangazi na kuzimwagilia maji chini, kwenye shina, si juu ya majani. Uziache nafasi hewa ipite. Uzifunge kwenye miti. Usizipande karibu na viazi vya Kizungu, wala mahali vilipolimwa mwaka uliopita.

Wala hatusemi kwamba kazi ya wataalamu wa leo ni bure. Huko Tengeru, karibu na Arusha katika Tanzania, mwaka 1997 ilitolewa aina iitwayo Tengeru 97, iliyochaguliwa kwa hali za Afrika ya Mashariki. Nayo si chotara. Mkulima akiinunua mara moja aweza kuweka mbegu zake. Hata mbegu ya urithi ilikuwa mpya siku moja. Swali la kumwuliza muuza mbegu ni moja: Je, hii ni chotara au sivyo? Juu ya pakiti alama F1 maana yake ni chotara.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwenye kutegemea nyanya kwa kulipa karo za watoto asitupe chotara yake inayostahimili ugonjwa. Lakini apande pia mashina machache ya aina moja au mbili za urithi, ayatazame, aonje, aone zipi zinakubali udongo wake.

7. Namna ya kuweka mbegu

Kazi yenyewe ni nyepesi, lakini yadai uaminifu.

Kwanza, chagua mche, kama Livingston alivyofundisha. Uwe na afya tangu mwanzo mpaka mwisho, na matunda yake yote yawe mema. Ufunge uzi mwekundu, uwaambie watoto wasiuguse.

Pili, acha matunda mawili au matatu yaive kabisa mchini. Yakate, ukamulie mbegu na maji yake katika kikombe. Uache siku mbili au tatu mahali penye kivuli. Utaona povu na harufu ya kuchacha. Usishangae, ule utelezi unaozunguka mbegu unayeyuka.

Tatu, tia maji safi, koroga, mwaga zile zinazoelea, osha zilizozama. Zitandaze juu ya sahani kivulini, si juu ya moto wala juu ya karatasi, maana zitagandamana nayo. Zigeuze kila siku mpaka zikauke kabisa.

Nne, zitie katika chupa kavu yenye kifuniko, pamoja na makaa machache makavu ya kunyonya unyevu. Mahali pasipo joto zitakaa hai miaka minne au zaidi. Lakini zisikae milele. Aina isiyopandwa hufa ndani ya chupa yake, hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Tano, uandike karatasi na kuitia ndani ya chupa: jina la nyanya, mwaka, na jina la mtu aliyekupa. Nyanya ikiwa haina jina, uipe la kijiji au la mama aliyeitunza. Mbegu nyingi za mama zetu zimepotea kwa sababu hazikuandikwa popote. Mama alifariki, na watoto wakaona ndani ya kopo vumbi la njano tu, wakalimwaga.

Mwisho, usiweke mbegu zote kwako. Mpe jirani kijiko kimoja, na mwingine ndugu wa kijiji cha pili. Panya wakiingia katika chupa yako, au mvua ikiharibu bustani yako mwaka mmoja, utakwenda kwao kuomba ulichowapa.